Mlio wa Ekzosi

Mpumudde, Jinja
9 Novemba 1994

Shemeji Brendah,

Natumaini wewe na mtoto mko salama hapo Wanale. Huku gereji kazi hazikosekani.

Tumeletewa gari la spoti la zamani, lenye viti viwili tu. Mwenyewe ameishi Amerika, kwa hiyo boneti anaiita hudi, na buti anaiita tranki. Matia alicheka mpaka akashika mbavu. Nilifurahi, maana tangu atoke jeshini kaka yangu hacheki.

Ulinituma nichunguze kama ana mwanamke huku. Hana.

Juzi tulilijaribu lile gari kwenye mteremko. Nilipoinua mguu kutoka kwenye pedali ya mafuta, ekzosi ikalia mara mbili kama bunduki. Magari hayo ndivyo yalivyo, petroli isiyoungua hulipukia ndani ya bomba. Kabla sijasema neno, Matia alikuwa amenikaba shingo na kunikandamiza chini. Nilifunga breki huku sioni mbele. Aliponitambua aliniachia, akalia.

"Jude," akaniambia, "mtoto akiangusha sufuria, si nitamuumiza?"

Hiyo ndiyo sababu haji nyumbani, shemeji. Hakuna nyingine.

Amekubali tuje Jumapili ya mwisho wa mwezi, mradi nikae naye hapo. Usimwambie nimekuandikia. Na lile bati la jikoni, linalogonga kila upepo unaposhuka kutoka mlimani, tafadhali lipigilie misumari kabla hatujafika.

Ni mimi shemeji yako,
Jude