Wifi, Waliukata Ukimya Wako

Wifi yangu Fabiola,

Usifikiri nimekaa. Naandika mstari mmoja, nasimama, natoka kuangalia maharage ya ngwara niliyoanika, narudi. Tangu tukuzike hakuna kiti kinachonikubali. Mwandiko wangu unaujua, wa darasa la nne, vumilia.

Kwaya wamerekodi mchezo wetu wa kuimba, ule wa mume mvivu na mkewe. Wanataka kuupiga Jumamosi baada ya misa ya kukukumbuka, kisha wausambaze. Binti yako Neema akaniletea kwenye simu. "Shangazi, sikiliza. Ukikataa, hautoki." Mzigo huo akanitwisha mimi. Nikasikiliza nikizunguka uani, kuku wakinikimbia.

Nikuambie kweli. Kinanda kinalia kama kimekuja kuzika, na mchezo ni wa kuchekesha. Gitaa la besi sina ugomvi nalo, linatembea kama punda aliyeshiba. Ngoma ni za mashine, zimenyooka mno, hakuna hata pigo moja linalochoka. Sisi tulipigiwa na akina mama waliokuwa wakipura ngwara kwa fimbo. Fimbo zikichoka, wimbo nao unapumua.

Sehemu yangu ya mume wamempa Danieli, yule anayeendesha gari la watalii kule kreta. Sauti nzuri, sikatai. Nzuri mno! Anaomba ugali kana kwamba anaonyesha wazungu simba. Mume mvivu haimbi kwa asali, anaimba kama mtu aliyeamshwa. Nilipovaa kofia ya kaka yangu, mumeo, nikajikuna tumbo, hata padri alifuta machozi ya kicheko.

Sehemu yako kaimba Neema. Koo ni lako kabisa. Lakini anakulilia humo ndani, kila neno limelowa.

Halafu wakafika pale. Unapajua. Mume anabisha mlango, anaimba kwamba njaa inamuua, na mke hajibu. Anapepeta tu. Ulikuwa hata hunitazami, ungo wako unasema shwa, shwa, mpaka watu waanze kucheka wenyewe, ndipo unajibu. Kwenye rekodi Danieli anaomba, Neema anadakia papo hapo. Nikarudisha nyuma nikidhani simu imeruka. Haikuruka. Waliimba mmoja mmoja ndani ya chumba, masikio yamezibwa, na fundi wa studio aliposikia pale hapana mwimbaji akaona ni kosa, akakikata kipande hicho.

Nikamwambia Neema, "Mama yako mmemzika mara ya pili." Akalia. Sikumbembeleza. Nilimwambia afute machozi, amlete huyo fundi na vyombo vyake hapa kwangu Endamarariek, na ungo wa mama yake aje nao.

Jana wakaja. Akina mama na fimbo zao, ngwara imetandazwa uani. Kinanda nikakikataza kulia mpaka kwenye kiitikio. Danieli nikampa fimbo apure, kofia nikavaa mwenyewe. Nikabisha mlango wa ghala, nikaomba ugali.

Neema akapepeta. Akapepeta. Fundi akainua mkono atusimamishe, nikamtolea jicho. Wifi, hapo ndipo nilipoogopa. Nilijua atakayejibu si wewe, na bado masikio yangu yalikuwa yamekuelekea wewe. Ungo unaendelea tu, shwa, shwa. Mama mmoja akaguna. Mwingine akashindwa kujizuia. Ua wote ukapasuka kwa kicheko, ndipo mwanao, bila kunitazama:

"Nenda kaliombe jembe lako."

Naye anacheka. Sijamsikia akicheka tangu msiba.

Nimesema itoke. Humo ndani kuna jogoo, kuna na lori la vitunguu kutoka Mang'ola lililopita likipiga honi. Fundi anataka kuyasafisha makelele hayo. Nimemwambia asafishe viatu vyake.

Jumamosi nitakaa mbele kabisa, kama kiti kitanikubali. Nakuahidi, maadamu nipo, pale hapakatwi tena na mtu yeyote. Na Neema nitamkaripia kama ulivyokuwa ukimkaripia wewe, ili asijione yatima sana.

Lala, wifi. Siku nitakapobisha mlango wa huko na njaa yangu, najua utanisubirisha kwanza. Pepeta tu. Nitangoja.

Wifi yako, mume mvivu.