Ndizi za Kuponda pale Igogo

Mjukuu wangu Nakato,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Mwanza tu wazima, na goti la bibi yako limepoa.

Unauliza kama huko Lusaka ujifanye Mzambia ili wateja wasiukimbie mgahawa wako. Nikwambie jambo ambalo hata baba yako hajui.

Miaka ile ya Ujamaa nilitoka Uganda nikafungua mgahawa hapa Igogo. Niliogopa kuitwa mgeni, nikawaambia watu mimi Mhaya wa Bukoba. Nilidanganya, na aibu ninayo mpaka leo.

Siku moja mama mmoja Mhaya alionja ndizi zangu, akaweka kijiko chini.

"Ndugu, Mhaya gani anaponda ndizi? Sisi tunazipika nzima nzima na maharage!"

Watu wote wakanigeukia. Nikajua mgahawa umekufa.

"Nisamehe, mama. Mimi Mganda."

"Sasa unatusingizia sisi kwa nini? Tamu hizi! Sema ni za kwenu, halafu niongezee."

Wakacheka wote. Kesho yake niliandika mlangoni: NDIZI ZA KIGANDA. Saa saba mchana sufuria ilikuwa tupu, na watu bado wamesimama mpaka barabarani.

Ni mimi babu yako, Mganda wa Igogo.