Mvua ya mawe na mbwa wa Umm Salal

Dada Zuhura, shikamoo. Nakuandikia kutoka Umm Salal, kaskazini ya Doha.

Leo mchana, joto limeshaanza, imetupiga mvua ya mawe hadi uwanja wa mbwa wa kuwinda tunaowatunza ukawa mweupe. Hawajawahi kuona barafu. Mmoja aliyaramba yale mawe, wengine walijibanza ukutani wakilia kama watoto. Jike mwenye mimba alikimbilia ofisini kwangu, amelowa chepechepe. Nilikuwa nimeshatia udhu; nikaogopa najisi, nikamfungia mlango.

"We karani, maji ya kuosha si yapo? Mfungulie!" alipiga kelele Okello, Mganda anayewalisha. Nilipofungua, jike alikuwa ameshauruka ukuta. Tumemkuta barabara kuu, amegongwa na gari, amekufa.

Mwenye mbwa anakuja saa kumi. Okello anasema tusingizie radi, eti ilimtisha akatoroka. Mimi nitamwambia kwamba nilimfungia nje.

Wabusu watoto. Nikifukuzwa na kurudishwa nyumbani, huenda nikafika kabla ya kadi hii. Ikija, tafadhali usimsomee Mama.

Mdogo wako, Hamisi