Kofia Niliyoivua Kanisani

Dada Neema, shikamoo. Hapa Lulindi muhogo ni mtamu, ila jua halinihurumii na ualbino wangu. Tumeezua kanisa tuweke bati jipya, nami kila nikiingia kuzoa kifusi navua kofia, kwa kuwa ni kanisani. Jana Mama Upendo anayetupikia akaniuliza, "Wee kaka, unamvulia nani, Mungu au jua? Paa si mmelishusha wenyewe!" Vibarua wote wakacheka. Kisha akaniangalia utosini. "Na kigaga hiki?" Nikainama kwa aibu.

Usoni, pale madaktari waliponipaka dawa na kunimulika kwa ile taa ya kuua madoa ya saratani yaliyoletwa na jua, ngozi ni laini mpaka leo, miaka yote hii. Utosini ndiko kumeota doa jipya, gumu, na nimekuwa nikilificha. Wewe ulinishika mkono nikilia kwa ukali wa ile taa, nami nimeshindwa kujikinga na jua. Naona haya hata kukuandikia.

Niombee nafasi kwa daktari wa ngozi. Kazi nawaachia wenzangu, Jumamosi nipo njiani. Usinigombeze stendi, dada yangu. Nigombeze nyumbani, tukishakula.

Mdogo wako akupendaye,
Elisha