Ndala Sita kwenye Ubao wa Spana

"Zana ndizo zilizomuua. Angepeleka gari gereji kama watu wengine, leo tungekuwa naye hapa."

Bakari, ndugu yangu, maneno hayo yalisemwa kwenye mkeka wa msiba wako, siku ya tatu, hitima imekwisha na masinia yako katikati. Aliyeyasema ni Fundi Hamidu, mwenye gereji ile ya karibu na kituo cha mabasi. Aliyasema huku anachambua nyama kwenye mfupa. Wenzake wakaitikia kwamba kweli, kazi ya fundi aachiwe fundi. Na mimi, ambaye unajua sijawahi kuiacha hoja mbovu ipite mbele yangu ikiwa hai, nilinyamaza. Nimenyamaza siku thelathini na moja. Leo nasema, na barua hii nikishaimaliza nitaibandika kwenye mlango wa banda lako. Atakayeisoma asidhani niliiandika kumfurahisha.

Nianze na hoja yenyewe. Gereji, gereji. Gari lako liliharibikia mbele ya gereji mara ngapi? Hata mara moja. Mkweche ule ulijua kuchagua mahali. Unakumbuka siku ya kwanza, tukitoka Nyamisati na matenga manne ya samaki, mimi nimepanda bure kwa kisingizio cha kukupa kampani? Boliti ya kushikia dinamo ikalegea, mkanda ukatoka, na kulikuwa hakuna mtu isipokuwa nyani. Boliti ilikuwa pale, tunaiona, tunaishika kwa vidole. Ilitaka spana moja tu, namba kumi na nne. Tulijaribu jiwe, tukajaribu kipande cha bomba, wewe ukajaribu meno, nami nikajaribu kukueleza sababu za kiuchumi za barabara mbovu. Mpaka likatokea gari jingine, samaki walikuwa wameshaanza kunuka, na wewe ulikuwa umeshaacha kunijibu.

Kesho yake ukanunua spana. Moja. Namba kumi na nne. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakuuliza kama tualike watu waje kuitazama. Ukasema, "Nyingine haijaniita bado."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yako, na nimesoma vitabu vingi vya watu wenye kanuni ambao hawakuishika yao kama ulivyoishika hiyo. Zana hununuliwa kazi ikiita. Gurudumu lilipokataa kufunguka, ukanunua wili spana ndefu, ukaiongezea mpini wa bomba. Plagi zilipochoka ukatafuta spana ya plagi. Kisha jeki. Mara moja tu uliivunja kanuni, uliponunua kwa mchuuzi wa stendi boksi jekundu la plastiki lenye vipande arobaini vinavyong'aa. Spana ya kwanza ya humo ulipoikaza ikapanuka mdomo kama chura. Hukugombana na mtu. Ulivitupa vyuma, ukampa mkeo Bi Somoe boksi atilie nyuzi zake za kushonea, na lingali linazo mpaka leo. Ukasema afadhali spana tatu zinazokaza kuliko arobaini zinazochekesha.

Miaka kumi na tisa ulikusanya hivyo, na ubao ukajaa. Ubao ule wa banda ulichora umbo la kila zana kwa rangi nyeupe, ili hata mjinga aone kilichotoka. Na watu wakaanza kuja. Bakari nipe koleo. Bakari nipe jeki, narudi sasa hivi. Hukuwahi kumnyima mtu. Ulimtaka jambo moja tu: avue ndala ya mguu mmoja, aitundike kwenye msumari wa ile zana. "Mtu husahau spana," ulisema, "hasahau mguu wake." Miaka ya mwanzo Kibiti nzima ilijua mtu anayetembea na ndala moja ametoka wapi, na watoto waliwaimbia njiani. Spana zilirudi kabla ya jua kuzama.

Nitakwambia kosa lako, maana sikuja kukusifu tu. Hukutaka kukubali kwamba dunia imebadilika. Siku hizi ndala zimejaa kila kibanda. Mtu anakuachia moja, anapita dukani, anavaa mpya, na mguu wake hauna tena habari ya kukumbuka. Ndala moja kuukuu imekuwa ruhusa ya kukaa na zana ya mtu mpaka kufa. Ulilijua hilo, na haya ikakuzuia kwenda kudai. Nakukasirikia kwa haya yako. Nakukasirikia kuliko ninavyomkasirikia Hamidu.

Sasa nieleze ulivyokufa, kwa sababu mjini wanaeleza vibaya.

Ilikuwa Alhamisi, mvua imekatika asubuhi. Ulitaka kubadilisha oili ya giaboksi kabla Tatu, binti yako, hajaondoka na pikapu Ijumaa kwenda kupakia nazi. Ulitandika kipande cha mbao juu ya udongo ili jeki isizame, ukainua gari kama siku zote. Kila aliyekaa nawe siku moja anajua hatua inayofuata. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Likishanyanyuka, linakalishwa juu ya vile vigoda viwili vya chuma vya miguu mitatu, ndipo mtu anaingia chini. Ulikuwa ukituambia hivyo mpaka tukakuita ustadhi wa vigoda. Lakini pale ubaoni, mahali pa vigoda, palikuwa na ndala. Basi ukachukua matofali mawili ya saruji yaliyobaki ulipojenga choo.

Unayajua matofali yetu. Mchanga wa kutosha, saruji ya kuonjesha. Ulinifundisha mwenyewe kwamba tofali litabeba ukuta hata miaka hamsini, lakini ukilibebesha gari linapasuka bila kukuaga. Ulijua, na ukaingia. Jeki ikateleza kwenye kipande cha mbao kilicholowa, gari likakalia tofali, tofali likarudi kuwa mchanga. Tatu alipiga kelele tukakimbia, tukalinyanyua wanaume tisa kwa mikono. Nilikuwa mmoja wao. Wenzangu walikuwa peku au na ndala. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi.

Ile ndala, Bakari, ya chini nyeupe na kamba za bluu, iliyokuwa kwenye msumari wa vigoda, ni yangu.

Nimeandika. Waisome.

Wiki tano kabla ya hapo maji ya mvua yaliingia nyumbani kwangu kule bondeni. Nilikuja mbio nikiwa nimelowa, nikakwambia vitabu vyangu vinakufa. Ulivishusha vigoda mwenyewe. Nikatundika ndala, nikaenda, nikavipanga, nikaweka mbao juu yake na vitabu juu ya mbao, na kweli vilipona. Maji yakakauka siku ya tatu. Vigoda vikabaki, kwa sababu rafu ilikuwa imekaa vizuri na mimi nilikuwa nimeshaanza kuandika makala ya gazeti kuhusu watu wasiotunza mali ya umma.

Jumatano, siku moja kabla, ulipita kwangu. Ulisimama mlangoni, ukaitazama rafu, ukatabasamu.

"Vigoda vyangu vinasoma nini?" ukauliza.

"Historia," nikasema. "Jumamosi nitakuletea."

"Kesho nina kazi navyo kidogo, sahibu."

Na mimi nikakujibu. Nimejibu watu wengi maishani mwangu, wakubwa na wadogo, na majibu mengine nimeyakata kwenye gazeti nikayahifadhi. Hili sikulihifadhi na haliniondoki. Nilisema, "Kitabu kikilowa hakisomeki tena. Gari linaweza kusubiri."

Ukacheka. Ukasema mimi ninazo hoja na wewe unazo spana, tuone nani atafika Nyamisati. Ukaenda zako mikono mitupu.

Kwa hiyo nikimwambia Hamidu kwamba zana hazikukuua, nasema ninalolijua. Kilichokuua ni zana kutokuwepo mahali pake. Wapo walionifariji kwamba siku yako ilikuwa imefika. Sikatai kadari, na mwenye kuikataa si mwenzangu. Lakini kadari haikuja bandani kwako kuazima vigoda. Niliviazima mimi.

Habari za hapa ni hizi. Bi Somoe ameamini maneno ya mkekani. Haingii bandani. Anasema kila asubuhi akifungua dirisha anaziona ndala zile ukutani kama miguu ya wageni walioingia wasitoke. Juma lililopita alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu, na yule bwana akaja na mizani yake, akaanza kushusha spana ringi moja moja na kuzitia gunia. Spana ya namba kumi na nne ilikuwa ya tatu. Tatu aliacha injini aliyokuwa akiifungua, mikono imejaa grisi, akalikalia lile gunia. Alilikalia tu, mpaka mwenye mizani akaondoka.

Tatu ndiye anayeendesha pikapu sasa. Nazi, samaki, mbao, chochote. Breki za nyuma amezifunga mwenyewe, na nilipomuuliza nani kamfundisha akaniangalia kama niliyeuliza nani kamfundisha kula. Bila ubao ule, gari litasimama ndani ya miezi miwili, na gari likisimama nyumba nzima imesimama. Alimwambia mama yake hivyo. Mama akamjibu kwa masharti, nami nilikuwepo nikasikia: "Ubao ukijaa kabla ya arobaini ya baba yako, zibaki. Usipojaa, zipimwe zote. Sitaki kuishi na mapengo."

Arobaini ni Jumatano ijayo. Kwenye ubao pana ndala sita.

Juzi niliviondolea vitabu vigoda, nikavibeba kichwani mchana kweupe, nikapita navyo sokoni, nikapita navyo mbele ya gereji ya Hamidu, ili kila mtu aone. Nilivitundika mwenyewe mahali pake. Nikanyoosha mkono nichukue ndala yangu, kama desturi yako ilivyo.

"Hiyo ibaki, Baba mdogo," Tatu akasema.

Nikageuka. Hakuwa na hasira. Alikuwa anafuta spana kwa kitambaa.

"Za wengine zitashuka," akasema. "Hiyo ibaki."

Imebaki. Vitabu vyangu viko sakafuni, na mvua za vuli zikija zitavikuta hapo hapo.

Kwaheri, Bakari. Sikuombi unisamehe kwenye karatasi, maana wewe ungesamehe haraka na mimi ningefurahi haraka. Nakuahidi hivi: kila Tatu atakapoingia chini ya gari, nitakuwa nimesimama pembeni. Sijui kufungua hata betri, lakini najua kuhesabu mpaka viwili. Nitavitazama vigoda, nitavitikisa, ndipo nitakapomwambia aingie. Na siku nikichelewa, atanisubiri mimi au kazi itasubiri. Mungu akulaze pema. Nimekwisha na wewe, sasa nina maneno na waliosimama hapa mlangoni.

Ninyi watano ambao ndala zenu zimebaki ukutani. Najua wengine mmesoma mpaka hapa mkitafuta majina yenu. Sikuyaandika. Ndala zenu mnazijua, na mke wa marehemu anazijua. Msilete rambirambi tena, zimetosha. Leteni koleo. Leteni jeki ndogo. Leteni bomba la grisi, na nyundo ya mpira, hata kama mpira umeisha. Ijumaa hii baada ya swala nitakuwa bandani. Njooni peku, njooni na viatu, njooni mkinitukana kwamba mimi ndiye wa kwanza, nitawajibu kwamba ni kweli. Tundika zana, chukua ndala yako, nenda.

Na wewe Fundi Hamidu, wa tano wao, wewe tu nimekutaja kwa sababu ulisema hadharani. Ile kobazi ya ngozi iliyo chini ya mchoro mrefu kuliko yote, mchoro wa spana inayopima nguvu ya kukazia boliti, ni ya mguu wako wa kulia. Gereji yako imekaa na spana ya nyumbani kwa mtu tangu mfungo wa mwaka jana. Kama zana za nyumbani huua, usikae na ya maiti. Irudishe Ijumaa.