Begi la Mke Wangu Nimelifumua, na Alhamisi Anasafiri

Bi Rahila, asalaam alaikum. Ukurasa wako nausoma kila wiki dukani kwangu na mara nyingi nakubaliana nawe, isipokuwa pale unapowatetea wanawake kupita kiasi, lakini leo zamu yangu imefika na nakuomba unitoe kwenye tabu hii haraka, na jina langu litie kama lilivyo, usiandike "msomaji wa Wawi", kwa sababu nataka watu wajue aliyeonewa ni nani.

Mimi ni Haidar, nauza mabegi Chake Chake, ya skuli, ya safari, na shangazi kaja, ile mifuko mikubwa ya nailoni, za kila rangi. Mke wangu ni Shamima, anashona nyumbani, na tuna watoto watatu, Yumna anayesoma darasa la kwanza, Bakar ambaye hajaanza skuli na ana pumu, na Suhaila ambaye juzi juzi tu kaachishwa ziwa. Kila tukivuka kwenda Unguja kwa jamaa zangu ilikuwa ni yale yale, shangazi kaja mbili zimefungwa kamba, mtoto akichafua pampasi kila kitu kinamwagwa chini, nguo mbichi juu ya kanzu yangu ya harusi, biskuti ndani ya viatu, na abiria wote wanatutazama, na mimi ni mtu wa mabegi, Bi Rahila, hebu ifikirie aibu yake, ndipo siku moja nikamwambia Shamima kwa ukali kidogo kwamba nyumba hii haina mpangilio na kwamba safari nyengine nataka kuona kila kitu na mahali pake. Tafadhali liweke hilo akilini, kwa sababu hapo ndipo wazo lilipozaliwa, na lilizaliwa kinywani mwangu.

Basi Shamima akachukua masanduku mawili dukani yaliyoharibika zipu, akayakata, akaanza kushona kitu chake, na kazi ile ilimchukua muda mrefu mpaka nikachoka kuiona, maana alikuwa akipakia na kupakua, akijaribu kulifungua kwa mkono mmoja huku Suhaila kambeba ubavuni, na asipoweza hufumua akaanza upya, na nilipomwambia kwamba begi hufunguliwa kwa mikono miwili dunia nzima akaendelea na mkono wake mmoja. Mwisho wake likatoka begi linalosimama na kufunguka mbele kama kabati, huhitaji kulilaza, kila mtoto na mifuko ya rangi yake, Yumna nyekundu, Bakar kijani, Suhaila njano, chini kuna mfuko wa mpira wa nguo mbichi, na juu kabisa mfuko wa dawa, kwa sababu, alisema, dawa haifai kutafutwa. Nikamuuliza mfuko wangu uko wapi. Akanishonea mmoja, nyuma, karibu na tairi, nikatia mafuta yangu mazuri na chaja.

Tukapanda boti Mkoani kwenda kwenye harusi ya dada yangu. Shamima akampeleka Yumna chooni, huko akachafukwa na moyo akashindwa kurudi, na mimi nikabaki na wadogo wawili na begi. Pembeni yangu alikaa bwana mmoja jina lake Khatib, ana duka la vitu vya watoto Unguja, akawa analitazama lile begi kwa macho ya mtu anayetaka kununua, akaniuliza limebuniwa na nani. Nikamwambia, mimi. Bi Rahila, sikumdanganya, wazo lilikuwa langu, nimeshakueleza, nikamfafanulia mambo ya mpangilio na namna familia zetu zinavyoteseka safarini, na yule bwana akawa anaitikia kwa kichwa, na sijapata kuongea vizuri kama siku ile.

Katikati ya maelezo Bakar akaanza kubanwa na kifua. Nikafungua mfuko wangu kwanza, maana ndio ninaoujua, kisha mwengine, kisha mwengine, mtoto anavuta pumzi kwa sauti ile ambayo ukishaisikia huisahau, na mimi nimeshamwaga kila kitu chini, pampasi, maziwa ya kopo, viatu, na ile dawa ya kuvuta haionekani, Khatib kasimama, watu wamesimama. Ndipo Shamima akatokea na Yumna nyuma yake, anashika viti, kaziba mdomo kwa kanga, akapeleka mkono juu ya begi bila hata kutazama, akaitoa dawa, akamvutisha mtoto, na mtoto akatulia, alhamdulillahi.

Hapo mambo yangekwisha. Lakini Khatib, kwa wema wake, akataka kutuliza hali, akamwambia mke wangu, "Shemeji, mumeo kabuni kitu kikubwa."

Shamima alikuwa anamfuta Bakar uso. Hakuinua kichwa. Akasema, "Basi muulize nguo za mtoto mdogo ziko mfuko wa rangi gani."

Khatib akanitazama. Nikasema nyekundu. Mtu mmoja kiti cha nyuma akacheka, na kicheko kile nakisikia mpaka leo. Mtu aliyetoka kwenye mshituko ataulizwaje mambo ya rangi?

Baada ya harusi Khatib akanipigia simu, anataka mabegi yale kwa ajili ya duka lake, na anataka mbunifu aende akashone moja mbele ya mafundi wake wajifunze. Nikakubali, mwanamme akishasema hajirudi. Nikamwendea Shamima kwa upole anielekeze, naye akasema, "Kama umelibuni weye, lishone," akaendelea na cherehani yake. Kwa hiyo siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, nikashusha mlango wa duka, nikalifumua lile begi nione limekaaje ndani. Kulifumua nililifumua vizuri sana. Kulirudisha ndio sikuweza. Vipande vimejaa stoo, zipu sijui ya wapi inakwenda wapi, na kwengine uzi ulikataa nikatumia mkasi. Shamima nimemwambia nimemuazima mtu wa Kiuyu aliyekwenda umra.

Sasa Alhamisi anampeleka Bakar Unguja kwa daktari wa kifua, na Suhaila anakwenda naye, na kila siku ananiuliza begi. Nimemwambia atumie shangazi kaja, kesho yake akaniuliza tena begi. Swali langu ni hili, nitumie maneno gani ili ashone begi jengine kabla ya Alhamisi bila kujua la kwanza limepatwa na nini? Na naomba umuandikie mistari miwili mitatu kuhusu mke kumuumbua mume mbele za watu.

Haidar, Wawi.

BI RAHILA ANAJIBU

Waalaikumu ssalamu, Bwana Haidar. Jina lako nimelitia kama ulivyotaka. Na kwa kuwa kutaja jina lako ni sawa na kutaja la mkeo, nilimpigia simu kumuomba ruhusa, akasema chapa, usipunguze neno.

Wasomaji wangu nao wajue kwamba barua hii ilinifikia Jumanne, na gazeti hutoka Jumamosi. Kama ningengoja, mtoto mgonjwa angesafiri na dawa yake ikiwa imezama ndani ya shangazi kaja, chini ya viatu. Ndio maana nilikupigia siku ile ile. Nitayaandika niliyokwambia, kwa sababu najua mko wengi wa namna hii huko nje, nanyi hamnipigii.

Unasema wazo lilikuwa lako. Ulichofanya ni kulalamika, Bwana Haidar. Kama kulalamika ni kubuni, basi abiria wote wa boti ile ni wabunifu, na yule aliyecheka kiti cha nyuma ndiye mkuu wao. Aliyebuni ni yule aliyembeba mtoto ubavuni akajaribu zipu kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mkono wa pili ameukosa tangu Yumna azaliwe. Ulimwambia begi hufunguliwa kwa mikono miwili dunia nzima. Mikono miwili ni ya kwako wewe, ambaye huna unachokibeba.

Kuna jambo moja nakuonea huruma, nalo ni kumuona mwanao anakosa pumzi na mikono yako haijui pa kwenda. Hofu ile ilikuwa ya kweli, nimeisoma kwenye maneno yako hata ulipotaka kuipita mbio. Lakini tazama ulichoifanyia hofu hiyo. Mzazi mwengine angefika Unguja, akakaa na begi lile mpaka aujue kila mfuko kwa kuupapasa. Wewe, katika yote yaliyotokea siku ile, unachokisikia mpaka leo ni kicheko. Ile sauti ya Bakar umeipa mstari mmoja, kisha ukaenda kuufumua mfuko ule ule uliomuokoa, ili mtu wa dukani Unguja aendelee kukuita fundi.

Na unataka nikupe maneno ya kumhadaa mkeo ashone jengine. Maneno hayo sina, na ningekuwa nayo nisingekupa.

Nilikwambia Jumanne uvitie vipande vyote kwenye shangazi kaja, uvipeleke nyumbani jua halijazama, umwambie Shamima kwa mdomo wako kwamba hakuna mtu wa Kiuyu. Kisha umpigie Khatib, Shamima akiwa hapo hapo anasikia, useme begi ni la mke wangu. Uliniuliza kama la Khatib unaweza kulituma kwa ujumbe. Nikakwambia hapana. Ukaniuliza kama ukishasema yote hayo, mkeo naye ataombwa akutake radhi kwa yale ya boti. Nikakata simu.

Sifa yako ni hii, ulikwenda. Shamima ndiye aliyenihadithia. Alikuwa uani anamenya muhogo, ukamwaga vipande mbele yake na kusema ulivyosema. Hakupiga kelele. Alikuwa akijua tangu siku ya kwanza kwamba unamdanganya, kwa sababu hujapata kumuazima mtu kitu maishani mwako. Alichokuwa hajui ni kwamba umetumia mkasi. Alikiinua kile kipande cha juu, pale palipokuwa mfuko wa dawa, akakitazama ulipokikata, akaingia nacho ndani akafunga mlango, na ukakaa nje na muhogo mpaka Magharibi. Yeye hakuniambia kama alilia, na mimi sikumuuliza.

Alipotoka akakuletea simu. Ukampigia Khatib, ukasema. Naye akajibu kwamba alijua tangu kwenye boti, tangu uliposema nyekundu, na alikwambia "mbunifu aje ashone" kwa makusudi, apate kuona utamleta nani. Akaomba kuzungumza na Shamima. Wakazungumza wao wawili muda mrefu, nawe umesimama pembeni unasikiliza biashara ya dukani kwako inapangwa bila wewe.

Usiku huo Shamima alikishona kile kipande cha juu kwenye begi la skuli ulilomletea kutoka dukani, mfuko wa dawa na mfuko wa chupa ya maji tu, vimtoshe kwa safari. Lile kubwa atalishona upya mbele ya mafundi wa Khatib, maana baada ya daktari atabaki Unguja kwa dadake mpaka amalize. Na kwa kuwa atakuwa kazini, kasema Suhaila hatakwenda naye. Suhaila na Yumna wanabaki na baba yao.

Sasa nisikilize kwa ya mbele. Akirudi, begi hilo litauzwa dukani kwako kwa jina atakalolitaka yeye na bei atakayoipanga yeye. Wewe kuuza unajua, na hilo silifanyii mzaha, mtu aliyeweza kumshika Khatib kwa maneno matupu ataweza kumshika mnunuzi kwa begi la kweli. Mteja akikuuliza nani kalibuni, jina la Shamima litoke kabla hujavuta pumzi. Na mtoto yeyote wa nyumba hiyo akisafiri, utakayepakia ni wewe. Utakosea. Rudia.

Uliniomba pia mistari miwili mitatu kwa mkeo. Bi Shamima, mfuko wa dawa usiuhamishe, uache pale pale juu. Na kwa Khatib usikubali kushona hata zipu moja kabla hamjaandikiana mkataba.

Nilidhani nimeufunga ukurasa huu, lakini Ijumaa asubuhi, Bwana Haidar, umenipigia tena. Umesema Suhaila analia tangu mama yake alipoondoka, umempa biskuti kakataa, umempa simu achezee kaitupa, na unataka kujua kama si busara kumwambia Shamima arudi kwa boti ya kesho. Mama harudi. Nilimsikia mtoto nyuma ya sauti yako, na alikuwa mbali, chumba kingine kabisa, wewe unanieleza mimi wa Chake namna anavyolia.

Weka simu chini. Nenda ukambebe, utembee naye uani mpaka anyamaze, na usinipigie tena.