Kabla Daraja Halijafungwa

Hoi An, 6 Novemba 2022

Kwako Vy,

Salamu nyingi. Hujambo huko Saigon? Saluni inaendeleaje? Mimi mzima, ila kikohozi kimenizoea, hakitaki kuhama.

Daraja letu la paa linafungwa mwezi ujao, mafundi walifumue ubao kwa ubao. Na wewe bado ni mtoto wa mungu wa lile hekalu lililomo darajani! Nilikuuza kwake ulipokuwa kichanga wa kuuguaugua, akulinde. Ndiyo maana nikakufundisha kuniita Shangazi, mizimu isijue nani amekuzaa. Ilipasa nikukomboe ulipotimiza miaka kumi na miwili. Mwaka ule mafuriko, uliofuata msiba wa baba yako, halafu ukaota mabawa.

Njoo tupeleke kuku na wali wa kunata, mzee wa hekalu asome dua, yaishe. Nataka kuitwa Mama kabla sijawa kiziwi.

Shangazi yako

Saigon, 20 Novemba 2022

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ni miguu tu inayowaka kwa kusimama kutwa. Pole na kikohozi. Kunywa tangawizi, na usiniambie umekunywa wakati hujanywa.

Umenichekesha na daraja lako! Mungu mwenyewe hajalalamika, wewe una haraka gani? Huu msimu wa harusi, Mwaka Mpya wa Tet nao huo unakuja, kila mwanamke anataka nywele. Nikiondoka sasa, wateja wote watahamia kwa jirani. Daraja limekaa miaka mia nne, litanisubiri. Likifunguliwa tu, mimi hapo. Na kuku nanunua mimi.

Mpwa wako,
Vy

Hoi An, 2 Machi 2023

Kwako Vy,

Salamu. Tet nilikula na jirani, Bi Thuan. Nguo uliyonitumia ni nzuri, ila inanipwaya. Nimepungua kidogo.

Daraja limefunikwa lote kwa banda la mabati. Nilikwenda kuuliza kama naweza kukukomboa kwenye hekalu jingine. Mzee akasema, "Mama, mtoto hukombolewa pale alipouzwa. Subiri." Basi nasubiri. Usiache kazi kwa ajili yangu. Ila ukipata nafasi, hata bila kuku, pitia tu.

Shangazi yako

Hoi An, 5 Agosti 2024

Mama,

Leo sikuulizi hali. Daraja limefunguliwa juzi, nami nimekuja na kuku wangu kama nilivyoahidi. Watu wanailalamikia rangi mpya, wanasema limekuwa bibi kizee aliyejipodoa. Ungecheka.

Siku ya mazishi yako nililia "Shangazi! Shangazi!" mpaka sauti ikakauka. Wageni wakanong'onezana, "Mpwa ana uchungu huyu. Mtoto wa marehemu yuko wapi?" Bi Thuan akawanyamazisha. Nilitaka kukuita lile jina jingine, lakini ulikuwa hujanikomboa, na ulimi wangu haukulizoea.

Leo mzee amesoma dua. Alipomaliza akasema, "Sasa mgeukie mzazi wako, umwite." Nikageuka. Pale ulipopaswa kusimama palikuwa na mtalii anapiga picha. Nikaita hivyo hivyo. Nikaita tena. Mtalii akasogea kando, akaomba radhi.

Najuta, Mama. Ilikuwa safari ya usiku mmoja tu kwa treni. Barua hii naichoma hapa hapa darajani, pamoja na ubani, ikufikie.

Mwanao,
Vy